Uzoefu wangu: studio ndogo ya Tanga ilivyonitengenezea tovuti ya nyumba ya wageni

Nina nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita, dakika tano kwa miguu kutoka kivuko cha kwenda Bweni. Mwezi wa nne mwaka huu nililipa malipo ya awali ya tovuti kwa studio ndogo ya Tanga mjini, na mwishoni mwa mwezi wa tano tovuti ikawa hewani. Wenzangu wawili wenye nyumba kama yangu wameniuliza ilikuwaje, nikaona bora niandike mara moja. Nawapa nyota nne. Ya tano nitaeleza imepotelea wapi.

Kwanza mjue nilikotoka, maana ndiko kulikonitia ukali. Mwaka 2019 kijana mmoja wa Dar alinitengenezea tovuti kwa laki tatu na nusu. Ilikuwa nzuri, sitamsingizia. Baada ya miaka miwili ikazimika, na namba yake haipatikani. Nilipofuatilia ili niifufue ile domeini, yaani jina la tovuti mtandaoni, nikaambiwa mimi si mwenyewe: jina, barua pepe na simu vilivyoandikishwa vilikuwa vya kijana. Mie niliyetoa hela sikuwamo hata kwa herufi moja. Na jina lile nilishalichapa kwenye fulana za wahudumu, kwenye kibao cha barabarani, na kwenye vikaratasi elfu moja ambavyo hadi leo tunafungia karanga.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopanda ngazi za hii studio, Ngamiani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, nilikuwa nimeshatunga swali langu ndani ya basi. Wapo watatu tu: mwenye studio, kijana wa michoro, na binti anayeandika programu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Domeini itaandikishwa kwa jina la nani?"

Sijakaa hata kwenye kiti. Mwenye studio akacheka, akanivutia kiti, akageuza kompyuta yake. Akafungua huduma ya whois ya domeini za .tz, ile inayoonyesha jina limesajiliwa na nani, akaingiza majina ya tovuti tatu walizokwisha kutengeneza, na kila moja ikaonyesha imesajiliwa kwa mwenye biashara, si kwa studio. "Na wewe itakuwa hivyo hivyo, mama. Tena utalipia mwenyewe kwa simu yako, sisi tutakuelekeza tu pa kubonyeza." Hapo nikakaa.

Bei: milioni moja na laki mbili, nusu mwanzo, nusu siku ya kuiweka hewani, pamoja na nafasi ya mwaka mmoja kwenye seva, ile kompyuta inayoitunza tovuti. Si bei ya chini kabisa niliyopewa, na si ya juu. Studio nyingine niliyoiuliza ilitaka pia laki na nusu kila mwaka kwa "cheti cha usalama", kile kinacholeta alama ya kufuli juu ya kivinjari. Hawa wangu wakaniambia cheti hicho kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kinadumu muda mfupi tu na seva inakihuisha yenyewe. Mkipewa makadirio, angalieni mstari huo.

Tovuti wameijenga kwa WordPress, programu iliyo tayari ya kujengea tovuti. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, kwamba wanachukua kitu kilichokwisha kupikwa. Binti akanieleza kwamba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia nzima zimejengwa hivyo, na faida yake kwangu ni kwamba siku nikigombana nao, fundi yeyote anaweza kuichukua akaendelea nayo. Nilipenda hilo la kunieleza namna ya kuwaacha kabla hatujaanza kazi.

Sasa kazi yenyewe. Mchoro wa kwanza walionitumia ulikuwa na picha kubwa mbele: vibanda vya makuti vimesimama juu ya maji ya buluu, maji ambayo unaona mpaka chini.

"Hapa ni wapi?"

"Ni picha ya mfano tu, mama."

"Mfano wa wapi?"

Kimya. Jamani, mto wetu una rangi ya chai ya maziwa. Umeanzia huko Kilimanjaro na Meru na umebeba udongo njia nzima hadi kutufikia. Mgeni akija na picha ile kichwani, siku ya kwanza tu ataniita mwongo, na mimi ndiye nitakayekuwa naye mezani asubuhi, si wao. Nikawaambia waje. Wakaja, siku moja katikati ya masika, na bahati jua likatoka. Kijana wa michoro alipiga picha mlango wa kuchonga, vyandarua, kibaraza, na jikoni bila kumwomba mtu apange vyombo. Picha iliyoko mbele sasa aliipiga saa kumi na moja jioni: kivuko kiko katikati ya mto, pikipiki tatu na mama mmoja na tenga la kuku. Wageni wawili wamenitajia tenga lile.

Siku hiyo hiyo ndipo lilipozuka suala la Maziwe. Wao walikuwa wameandika "Safari ya Maziwe kila siku saa tatu asubuhi." Nahodha wangu alisomewa akaguna. Maziwe ni fungu la mchanga. Maji yakijaa linafunikwa. Chombo hakitoki kwa saa ya ukutani, kinatoka kwa maji, na maji ya leo si ya kesho. Binti, ambaye kwao ni Lushoto milimani na bahari anaijua kwa kuiona, alikaa na mzee yule kwenye ngalawa iliyopandishwa pwani, akamuuliza bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) ni nini, maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) ni nini, akajaza kurasa mbili za daftari. Ukurasa wa Maziwe ulivyo sasa unasema saa ya kuondoka inafuata kupwa na kujaa, mgeni aulize siku moja kabla, na chini yake kuna kitufe cha WhatsApp. Basi. Nahodha amesema hiyo ndiyo kweli.

Palipowashinda ni kwenye lugha. Niliwapa maneno ya Kiswahili niliyoandika mwenyewe, lakini vile vipande vidogo vidogo vya vitufe na fomu walivipitisha kwenye programu ya kutafsiri, kutoka Kiingereza. Nikafungua, nikakuta kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Kitabu Sasa", ndiyo tafsiri ya "Book Now". Chini yake: "Angalia Vyumba vya Bure". Bure! Nikawapigia nikawauliza kama hilo la vyumba vya bure wamekubaliana na mume wangu, maana mimi sijashirikishwa. Wakacheka mpaka nikacheka. Leo pameandikwa "Weka nafasi" na "Vyumba vilivyo wazi". Vijana hawa wanaongea Kiswahili tangu kuzaliwa, wakaona "Kitabu Sasa" wakapita. Ukishazoea kuona vitufe kwa Kiingereza huvisomi tena, unaviona tu kama rangi.

Lingine hatukuliona, si wao si mimi. Mimi niliandika: kuingia saa 8 mchana, kutoka saa 4 asubuhi. Kwenye ukurasa wa Kiingereza aliyehamisha akahamisha namba kama zilivyo. Wiki ya pili baada ya tovuti kuwa hewani nilipata wageni, mtu na mkewe kutoka Uholanzi. Niliwatumia kiungo kwa WhatsApp wakasoma kila kitu, maana ni watu wa kusoma. Siku yao ya kuondoka, saa kumi kasoro robo alfajiri, mlango wangu unagongwa. Natoka na kanga, nawakuta kibarazani, mabegi mgongoni, ufunguo mkononi, kitanda wamekitandika. Tovuti imewaambia mwisho wa kutoka ni saa nne za kwao, yaani saa kumi zetu za usiku. Wakaniomba radhi kwa kuniamsha! Niliwapikia chai, nikawarudisha kulala. Saa moja asubuhi nikapiga simu Tanga, na kabla ya saa mbili pameshaandikwa 10:00. Kwa kurekebisha haraka siwalaumu. Lakini wenzangu wenye wageni wa nje, kabla hamjalipa nusu ya pili, kaeni na ukurasa wa Kiingereza mkague saa moja moja.

Kuhusu uzito: mara ya kwanza ukurasa wa mbele ulikuwa na picha tano zinazopishana, megabaiti tisa. Kwa kompyuta ya studio yenye waya unafunguka mara moja. Nikampa binti simu ya mhudumu wangu, yenye kioo kilichopasuka na bando la kukadiria, nikamwambia fungua. Alisubiri mpaka akaona aibu. Akaacha picha moja, akazibana zilizobaki, ukurasa ukashuka chini ya megabaiti moja.

Siku ya kuiweka hewani walichagua Alhamisi saa nne usiku. Nikakaa na simu kama nasubiri matokeo ya mtihani. Mdogo wangu aliyeko Muscat akaandika, "Dada hongera, imependeza," wakati mimi hapa Pangani bado naona "Tovuti inatengenezwa". Nikadhani nimetapeliwa tena, moyo ukaanza kwenda mbio. Binti akanieleza: domeini ni jina, seva ina anwani yake ya namba, na kila mtandao unaitunza ile anwani ya zamani kwa muda fulani kabla ya kuuliza upya. Mtandao wa Muscat ulikuwa hauna cha zamani cha kukumbuka, wangu ulikuwa nacho, kwa kuwa mchana kutwa nilikuwa nachungulia. Asubuhi ikafunguka.

Na sasa nyota ya tano.

Wiki ya kwanza naitafuta nyumba yangu Google, siioni. Unakuja ukurasa wangu wa Facebook, zinakuja tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba, yangu haipo. Nikamwambia mwenye studio. "Google inachukua muda, mama, vuta subira." Wiki ya pili, jibu lile lile, tena kwa ujumbe wa sauti wenye kelele za pikipiki. Ya tatu, mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma alikuwa likizo. Kwa kuwa nenosiri la msimamizi ninalo mwenyewe, nikampa akaingia. Hakumaliza dakika kumi. Kwenye mipangilio ya WordPress kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kilikuwa na alama ya tiki.

Kukitia tiki wakati wa ujenzi ni sawa kabisa. Hutaki watu wakute nyumba haijapigwa plasta. Ila siku ya kufungua ndiyo ya kuiondoa, na hawakuiondoa. Wiki tatu za mwezi wa sita, masika yameisha, wageni ndiyo wanaanza kupanga safari za mwezi wa saba na wa nane, mimi nimefunga mlango na kuandika juu yake "hakuna mtu". Na kusahau ningesamehe. Hata mimi nishasahau kuweka chumvi kwenye pilau la watu arobaini. Kilichoniuma ni kuambiwa nivute subira mara mbili kabla ya yeyote kati yao kufungua na kuangalia.

Nilimtumia mwenye studio picha ya kile kisanduku bila neno lolote. Akapiga simu baada ya dakika mbili, hakuzungukazunguka: kosa ni lake, yeye ndiye aliyefungua tovuti usiku ule. Akaniongezea miezi miwili ya seva bila malipo, akapeleka orodha ya kurasa Google usiku ule ule. Siku ya nne nikajiona, chini kidogo ya Facebook. Baadaye binti alinitumia picha ya karatasi waliyobandika ukutani, mambo ya kukagua kabla ya kuweka tovuti ya mteja hewani. La kwanza ni kile kisanduku. La pili limeandikwa "Saa za Kiswahili!!" na alama mbili za mshangao.

Kwa mwezi wa saba nimepata wageni kumi na mmoja waliokuja moja kwa moja kupitia kitufe cha WhatsApp. Sijaziacha tovuti kubwa, bado zinaniletea watu, ila zile zinakata kama asilimia 15: chumba cha elfu sitini, elfu tisa imekwenda. Mnaweza kupiga hesabu ya kumi na mmoja wenyewe.

Matengenezo ya mwaka ujao wameniambia laki moja na nusu, sijaamua. Fomu ya maoni haina maana, hakuna aliyeitumia ila watu wa kuuza mikopo. Na kile kitufe cha kijani cha WhatsApp, kwenye simu ndogo bado kinakaa juu ya bei ya chumba cha watu watatu, ukiteleza nacho kinateleza. Nimewaandikia Jumatatu, binti akajibu "nimeiona mama, naishughulikia." Leo ni Alhamisi.