Plagi ya pikipiki: soma ya zamani kabla hujanunua mpya

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina plagi mbili za kampuni ya NGK: D8EA ya kawaida, na DR8EIX yenye ncha ya iridiamu, metali ngumu. Swali linaloulizwa sana ni ipi bora. Mimi nitaanza na maandishi haya kwenye kaure, kwa sababu ukikosea hapa, hata iridiamu haikusaidii kitu.

D ni unene wa nyuzi za kufungia, milimita 12. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Ukifunga ndefu kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kuigonga. R kwenye hii ya pili ina maana kuna rezista ndani, ya kutuliza kelele za umeme.

Sasa hiyo 8, ndiyo inayowachanganya watu. Ni namba ya joto: plagi inatoa joto haraka kiasi gani kwenda kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini inapofungwa. Haiongezi cheche wala nguvu, hata muuzaji akuapie. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, kwa hiyo ukibadili kampuni usifananishe namba kwa macho, tafuta jedwali. Plagi ikiwa baridi mno haifiki nyuzi joto kama 450, basi haiunguzi masizi yake yenyewe. Ikipita 800 na kuendelea inaweza kuwasha petroli kabla ya cheche, na hapo pistoni inatoboka.

Kuisoma je? Usiifungue baada ya injini kuunguruma pale pale ilipoegeshwa, itakudanganya. Endesha mwendo wa kawaida injini ipate moto, zima, iache ipoe, kisha toa. Tazama kaure kuzunguka ncha. Kahawia hafifu au kijivu, endelea na safari. Nyeusi kavu inayofutika kwa kidole, petroli imezidi: anza na eakilina (kichujio cha hewa) na choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, kabla ya kugusa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nyeusi yenye majimaji ya mafuta, oili inapita ringi za pistoni au sili za valvu, na plagi mpya itaishia vile vile. Nyeupe yenye vipele, joto limezidi. Tafuta hewa inayoingia pasipotakiwa. Ila petroli za siku hizi haziachi rangi nyingi, kwa hiyo weupe msafi usio na vipele usikutie hofu.

Uamuzi wangu? Kwa injini ya kabureta kama Honda CG125, ambako plagi iko wazi kabisa, nachukua D8EA. Iridiamu ina ncha nyembamba, inahitaji umeme mdogo kuruka cheche, na hailiki upesi. Lakini kabureta ikimwaga petroli nayo inachafuka, tena huisugui kwa brashi ya waya. Naiona inafaa pale ambapo lazima uvue tangi ndipo uifikie plagi.

Ukifunga D8EA, pima nafasi ya cheche, milimita 0.6 hadi 0.7, hata kama ni mpya. Kaza kwa vidole mpaka washa, ile pete ya chuma, iguse, halafu nusu mzunguko kwa spana. Iliyokwisha kutumika ni kidogo sana, washa yake imeshabonyea. Na nyuzi usizipake grisi. NGK wenyewe hawashauri, maana unakaza kupita kiasi bila kuhisi.