Reshio ya Difu kwa Pikapu Mpya: Ipi Ichaguliwe Unguja na Pemba

Kwa pikapu mpya itakayofanya kazi Unguja au Pemba, difu (kifaa cha kwenye ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) ninayoiweka mbele ya nyenginezo ni ile yenye reshio ya baina ya 3.9 na 4.1. Ya pili ni ya 3.5 hadi 3.7, na ya tatu, ambayo wengi huitamani kwa sababu inasifika kwa nguvu, ni ya 4.3 na kuendelea. Mpangilio huu ungekuwa mwengine lau mnunuzi angekuwa mtu wa Dodoma anayekwenda Mwanza kila wiki, lakini gari yetu hapa haina safari ya namna hiyo: kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na Chake Chake hadi Wete ni nusu ya hapo.

Reshio si kitu zaidi ya hesabu ya meno. Meno ya krauni, gia kubwa iliyomo ndani ya difu, yakigawanywa kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoisukuma, ndiyo reshio yenyewe, kwa hiyo krauni ya meno 41 inayosukumwa na pinioni ya meno 10 inatoa 4.10, maana yake propela, yaani shafti inayotoka giaboksi hadi difu, huzunguka mara nne na ziada kidogo ndipo tairi zimalize mzunguko mmoja. Krauni ya meno 41 ikifungwa na pinioni ya meno 11 inatoa 3.73. Baina ya difu hizo mbili pana tofauti ya kiasi cha asilimia 10: ile ya 4.10 inaongeza nguvu ya kuvuta kwa kiwango hicho katika kila gia, na kwa kiwango hicho hicho inailazimisha injini kuzunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Kwa pikapu yenye tairi za 265/65R17, ikiwa kilomita 80 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, yaani ile ambayo propela huzunguka sawa na injini, injini itazunguka takriban mara 2,040 kwa dakika kwenye 3.73 na takriban mara 2,240 kwenye 4.10. Anayeendesha njia ndefu siku nzima atailipia tofauti hiyo kituo cha mafuta. Anayetoka Mwanakwerekwe kwenda Kinyasini, akipita matuta, vituo vya daladala na watoto wanaotoka skuli, hawahi hata kukaa kwenye mwendo huo kwa muda wa kutosha kuihisi.

Kabla ya kwenda mbali, ni vyema kueleza namna uchaguzi wenyewe unavyofanyika, kwani watu husoma habari za Marekani wakadhani na hapa ni vivyo hivyo. Huko mnunuzi wa Ram 1500 amekuwa akiagiza gari moja yenye injini moja na kuchagua difu ya 3.21, 3.55 au 3.92, kila moja ikiwa na uzito wake wa trela uliotajwa kwenye karatasi. Pikapu zinazoletwa kwetu, iwe Hilux, Ranger, D-Max au L200, kwa kawaida huja na reshio iliyokwisha kufungamanishwa na injini na giaboksi, kwa hiyo unachagua difu kwa kuchagua toleo. Muuzaji akikwambia kuwa difu zote ni sawa, mwombe akutazamie namba ya chesisi kwenye orodha ya vipuri, kwa sababu matoleo mawili ya gari ya jina moja yanaweza kupishana.

Injini ndiyo inayoamua kama reshio fulani ni ya nguvu au ni ya mzaha. Dizeli za zamani zisizo na turbo, ambazo bado zinaheshimika sana mashamba, zilikuwa na nguvu ndogo ya kuzungusha: injini ya 5L ya Toyota, ya lita 3.0, ilitoa karibu Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu hiyo ya kuzungusha). Injini ya turbo ya lita 2.4 iliyomo katika Hilux za karibuni hufikia Nm 400 katika baadhi ya matoleo, tena ikiwa bado iko chini ya mizunguko 2,000. Fundi aliyekulia kwenye zile za kwanza atakushauri difu ya 4.56 kwa nia njema kabisa, lakini ushauri wake unahusu gari ambayo huinunui.

Sasa hiyo ya kwanza, ya 3.9 hadi 4.1. Ninaiweka juu kwa sababu kazi ya pikapu visiwani ni kuondoka na kusimama ikiwa imebeba. Tofali za saruji za inchi sita zikifika hamsini zinakaribia tani moja, na mzigo huo hupandishwa kutoka barabara ya lami hadi kiwanja ambacho njia yake ni mawe matupu. Magunia ya mwani mbichi kutoka Paje au Jambiani yanadanganya macho, kwani maji yaliyomo ndani yake ndiyo mzigo hasa. Pemba jambo linakuwa kubwa zaidi: kisiwa hakina mlima wa kutajwa, lakini njia zake za ndani ni vilima na mabonde yanayofuatana bila kupumzika, na msimu wa karafuu huangukia nyakati ambazo udongo mwekundu unaweza kuwa umerowa. Difu ndefu, yaani ya reshio ndogo, katika hali hiyo humfanya dereva wa gia za mkono acheze na klachi kila anapoondoka kilimani, na klachi hiyo ndiyo itakayolipa kile alichodhani amekiokoa kwenye mafuta. Kwa mwenye giaboksi ya mkono na mzigo wa kila siku, sioni sababu ya kutafuta reshio nyengine.

Ya pili, ya 3.5 hadi 3.7, ina watu wake. Mwenye pikapu ya vyumba viwili, injini ya turbo na giaboksi otomatiki ya gia sita au zaidi, ambaye huwachukua wageni kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za mashariki na hubeba mizigo siku za Ijumaa tu, atafurahia utulivu wake. Otomatiki za siku hizi zina gia ya kwanza fupi pamoja na torki konvata inayoongeza nguvu wakati wa kuondoka, kwa hiyo upungufu wa difu hauonekani sana. Ikiwa toleo la aina hii lina bei nafuu kuliko lile la 3.9, lichukue bila kusitasita.

Ya tatu siipendekezi kwa gari mpya ila katika hali mbili. Moja ni kuvuta trela nzito mara kwa mara, mfano boti ya faiba inayopandishwa kutoka ufukweni kila jioni. Ya pili ni tairi kubwa, na hapa ndipo wengi huingia hasara bila kujua. Ukiondoa tairi za 265/65R17, zenye kipenyo cha kama milimita 776, ukafunga za inchi 33 zenye milimita kama 838, difu yako ya 4.10 itakuwa inafanya kazi kana kwamba ni ya 3.80, na saa ya mwendo itaonyesha pungufu ya mwendo wa kweli. Kijana anayetaka gari yake isimame juu ajue kwamba pamoja na tairi ananunua udhaifu wa kuvuta, na kuuondoa kunahitaji difu ya 4.3 au 4.56.

Nimewasikia pia watu wakisema kwamba mchanga wa pwani unahitaji difu ya 4.56. Hauhitaji. Gari ya magurudumu manne ina gia ya chini kwenye transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na gia hiyo katika pikapu nyingi huzidisha nguvu kwa karibu mara 2.5, na hakuna difu itakayokupa nyongeza ya namna hiyo. Punguza upepo wa tairi, ingiza gia ya chini, na ujaze tena ukirudi barabarani. Kwa gari hizo hizo, atakayebadilisha reshio ya nyuma hana budi kubadilisha na ya mbele iwe sawa nayo, la sivyo siku atakapoingiza magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, ekseli zitashindana hadi transfa ivunjike. Gharama inakuwa maradufu, na ndiyo maana ninasisitiza uchaguzi ufanyike kabla ya kulipa.

Ikiwa pikapu ni mpya kwako tu, yaani imeshushwa bandarini Malindi, Unguja, ikiwa imeshatumika kwengine, usitegemee maneno. Weka vizuizi imara kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi huku la pili likibaki chini, weka giaboksi huru na uachie breki ya mkono. Chora alama ya chaki kwenye propela na nyengine kwenye tairi iliyonyanyuliwa, kisha uizungushe tairi hiyo mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu ya propela. Ikizunguka mara tatu na robo tatu hivi, ni 3.73, ikikaribia nne bila kuifika, ni 3.9, ikipita nne kidogo, ni 4.10, na ikipita nne na nusu, ni 4.56. Hesabu hii haifai kwa difu yenye loki iliyofungwa, kwani hapo magurudumu mawili hulazimika kwenda pamoja.

Jambo la mwisho la kuuliza ni vipuri. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kwa jozi, kwa hiyo jino moja likivunjika unanunua zote mbili, tena za reshio ile ile kama hutaki kugusa na difu ya mbele. Reshio ambayo ni adimu kwa aina ya gari yako itakufanya usubiri jozi kutoka Dar es Salaam au ng'ambo wakati gari imelala gereji, ilhali jirani mwenye reshio ya kawaida ameshafunga yake na kurudi kazini.