Monk wa Carnegie Hall au wa Five Spot?

Kati ya albamu hizi mbili za mpiga piano wa jazz Thelonious Monk, kwa jioni ya Capri Point, Mwanza, mimi naweka ile ya Carnegie Hall, ukumbi wa New York. Ilirekodiwa Novemba 1957, na kanda zake zikalala Maktaba ya Bunge la Marekani hadi 2005. Sauti ni safi ajabu. Saksofoni ya John Coltrane inamwaga noti kama dagaa wanaomiminwa turubaini Mwaloni, Kirumba. Monk anagonga piano mara mbili tatu, ananyamaza, anamwachia nafasi.

Albamu ya pili, Misterioso, iliyorekodiwa Five Spot, klabu ya New York, Agosti 1958, ni ya klabu hasa. Johnny Griffin wa saksofoni ana mbio (wakati mwingine mno!), Roy Haynes anachangamsha ngoma. Kwenye baa yenye kelele nitaiweka hiyo. Ila kwa piano yenyewe, Carnegie inaishinda mbali.