Hedifoni za Kutafutia Pete Ufukweni: Ipi Ununue Ukiwa Malindi

Upepo wa kusi ukishika, spika ya detekta, kile chombo cha kutambulia metali mchangani, haina kazi tena hapa Malindi. Mlio wa pete iliyozama mchangani ni hafifu kama mbu aliye nje ya chandarua, na mawimbi huumeza wote. Hapo ndipo watu hukimbilia hedifoni, na wengi huzichagua kama wapenzi wa muziki: besi nzito, jina kubwa, taa za buluu. Besi haikusaidii. Unachotaka ni kusikia tofauti ndogo baina ya msumari wenye kutu na pete.

Kwanza neno la sheria. Nazungumza na mtu anayetafuta pete na funguo zilizopotea juzi. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kilichomo ardhini ni mali ya serikali. Kwa hiyo ukienda Gede, au kwenye magofu ya Manda na Pate, detekta ibaki nyumbani.

Mizani yangu ni moja tu: zikiharibika, je, fundi wa hapa mjini ataweza kuzitengeneza?

Kwa mizani hiyo, namba moja ni hedifoni za waya zinazofunika sikio lote, zenye kitufe cha sauti kila upande. Masikio mawili hayasikii sawasawa, hasa ukishapita miaka arobaini. Waya uwe wa kujikunja kama springi, maana mnyoofu utaukanyaga ukiinama kuchimba. Angalia pini kabla hujalipa: detekta nyingi za zamani zina tundu la milimita 6.35, nyingine ni 3.5 kama la simu. Adapta huziba pengo hilo, lakini ndiyo ya kwanza kulegea na kukwaruza. Ukisikia upande mmoja tu, usidhani umeuziwa mbovu; huenda pini ni ya stirio, yenye njia mbili za sauti, na tundu ni la mono, lenye njia moja. Waya ukikatika karibu na pini, na hapo ndipo hukatika, fundi redio ataulehemu ukisubiri.

Namba mbili ni zisizo na waya, za kampuni iliyotengeneza detekta yako: Garrett, Minelab na XP wote wanazo. Ni ghali, na zikifa hakuna wa kuzifungua hapa. Ila mlio hufika bila kuchelewa, na hilo si jambo dogo. Mimi niliwahi kujifanya mjanja nikanunua za Bluetooth za kawaida za kusikilizia muziki. Ukipitisha koili, yaani ile sahani ya chini ya detekta inayonusa metali, kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, na sauti ikachelewa milisekunde 200, mlio unakufikia koili ikiwa imeshapita sentimita 20. Ni shibiri nzima! Asubuhi ile nilichimba mashimo kama kaa, na pete ilikuwa kando ya kila shimo.

Ndiyo maana Bluetooth naiweka namba tatu, tena kwa sharti: iwe na aptX Low Latency, mfumo wa Bluetooth unaopunguza kuchelewa kwa sauti, na detekta nayo iwe nayo. Hapo kuchelewa hushuka hadi takriban milisekunde 40, yaani sentimita nne. Upande mmoja ukikosa, umerudi kwenye shibiri.

Zisizoingia maji ni habari ya peke yake. Hizo ni za anayezama mpaka kifuani, na pini zake hutofautiana kampuni kwa kampuni, basi nunua kwa jina la detekta yako. Asiyeingia majini asijitie gharama hiyo.

Mkiani ni iafoni za simu. Zinafaa siku ya kwanza, upepo ukiwa umelala. Na zile za kujizimia kelele zenyewe usinunue kabisa: mlio hafifu na endelevu zinaweza kuudhania kelele. Tena maji yakiwa yanajaa wakati wa bamvua, unahitaji kuyasikia yakija nyuma yako.

Ukizipata, zipime kwa sepeto lako. Pitisha koili juu yake, halafu punguza sauti mpaka mlio huo mkubwa usikuumize. Desibeli 85 kwa saa nane ndicho kipimo ambacho mafundi wa usalama kazini hawapendi kivukwe.

Kinachoua hedifoni huku ni chumvi. Rudi nyumbani, chukua kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, futa waya wote, pini na mito ya masikio, kisha anika kivulini. Jua huipasua ngozi ya bandia ya mito. Pini ikianza kuota kijani, isugue kwa pamba yenye spiriti, na usiichomeke mpaka ikauke. Zisizo na waya usizifungie ndani ya gari lililoanikwa juani; kama hutazitumia miezi miwili, acha betri nusu. Waya usiuzungushe kwenye mkono wa detekta kwa kuubana. Uache na kitanzi kikubwa. Vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, tupia viwili mfukoni mwa hedifoni. Na mito ya akiba inunue siku hiyohiyo unayonunua hedifoni, kwani ukiihitaji baadaye utaambiwa iagizwe Nairobi.