Feni ya minara miwili kwa prosesa ya ovakloki, kwa joto la Dar inatosha?

Nina hii feni ya kupoza prosesa, Thermalright Peerless Assassin 120 SE (minara ni yale mabati mawili ya kutoa joto), miezi mitatu sasa, ngoja niseme ukweli. Desktopu yangu ina prosesa ya i7-8700K, nimeivuta spidi kupita ya kiwandani (ndo ovakloki) hadi 4.9 GHz, na feni ya zamani ilikuwa inapiga digrii 96 kwenye Prime95, programu ya kuitesa prosesa, yaani imebakiza kidogo ifike 100 ambapo prosesa hii inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Kuna washkaji wanasema mradi haijazima iko freshi, mi sikubali, kwenye gemu nataka isivuke 80 na kwenye kuitesa mwisho 90, maana joto likichanganyika na volteji kubwa kila siku ndo vinaila prosesa taratibu.

Sasa hivi Prime95 inakaa 83, gemu 68 mpaka 70. Ila hiyo ni usiku eisii ikiwaka!! Mchana wa Februari hapa Kinondoni chumba kina 32, ongeza digrii sita saba hivi, na feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba, so ukiona mzungu anajisifu 60 jua chumba chake kina 20.

Kero yake ni urefu, milimita 155, kesi (boksi la kompyuta) yangu ya mtumba ya Kariakoo mfuniko uligoma kufunga nikabaki nayo wazi wiki nzima, vumbi lote ndani. Pimeni kwanza. Na pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, pakeni wenyewe, fundi wangu alipaka kama siagi kwenye mkate.

Naipa 8 kwa 10, kelele haina kabisa.