Valvu ya kupumulia tangi la mashindano: uzoefu wangu

Kama gari lako limewekewa tangi la mashindano kwenye buti, kitu cha kwanza kukagua si pampu wala geji. Kagua tangi linapumulia wapi. Nimekuwa nikiendesha na valvu ya kupumulia ya alumini, ile yenye gololi ndani, inayofungwa juu ya bamba la kujazia mafuta. Valvu yenyewe nimeridhika nayo na nikihitaji nyingine nitanunua hiyohiyo. Mpira wa kupitishia hewa uliokuja nayo kwenye boksi ni jambo jingine kabisa.

Gari ni Subaru Impreza. Nalitumia kwenye mashindano ya klabu, na mara kwa mara linapanda kwa barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Nililinunua likiwa limeshang'olewa tangi la kiwandani na kuwekewa hili la lita 45: sanduku la bati, ndani yake mfuko wa mpira mzito, na ndani ya mfuko sponji ya kuzuia mafuta yasirukeruke kwenye kona. Gereji iliyofanya kazi ile ilikuwa nadhifu kwa kila kinachoonekana kwa macho. Lakini kipumulio walikifunga kimpira kifupi kilichoishia mumo humo ndani ya buti, karibu na betri.

Hilo lilinikasirisha, na hadi leo linanikasirisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaenda zake, unashuka na kutuama sakafuni, kwenye shimo la tairi la spea na chini ya siti. Ukifika asilimia 1.4 hivi ya hewa iliyomo, tayari unaweza kushika moto. Na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse buti la gari lililoegeshwa juani Mombasa. Cheche ya rilei, ile swichi ya umeme ya pampu, inatosha.

Kuna fundi aliyenishauri nizibe tu kipumulio, harufu itaisha. Harufu ingeisha kweli, ila shida ingehamia kwenye tangi. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700, na huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Tangi lililozibwa Mombasa likifika Nairobi, kila sentimita ya mraba ya ukuta wake inasukumwa kutoka ndani kwa nguvu ya karibu gramu 190. Bamba la sentimita 50 kwa 40 hapo linabeba zaidi ya kilo 300. Ukirudi pwani mambo yanageuka: pampu imenyonya mafuta, hewa ya kujaza nafasi haikuingia, mfuko unajikunja kwa ndani na injini inaanza kukosa mafuta mlimani. Tangi lazima lipumue. La kuamua ni wapi, na nini kitatokea gari likibingirika.

Hapo ndipo valvu inapoingia. Gari likiwa limesimama sawa, gololi inakaa chini na hewa inapita pande zote mbili. Gari likilala juu chini, gololi inaanguka kwenye kiti chake, yaani mdomo wa tundu la hewa, na kuziba. Kabla ya kuifunga niliipuliza kwa mdomo: wima hewa inapita bila kukwama, nikiipindua haipiti kabisa. Nikailaza ubavu, ikawa inavuja kidogo. Huo si ubovu wa ile niliyopata mimi. Ndivyo valvu nyingi za gololi zilivyo, na karatasi ya maelezo ilipaswa kulisema hilo kwa herufi kubwa. Haikulisema.

Kwa hiyo valvu peke yake haitoshi, na kazi kubwa iko kwenye njia ya mpira. Fundi wangu wa sasa, mtu mpole asiyeharakishwa, aliupandisha mpira kutoka kwenye valvu hadi juu ya usawa wa tangi, akauvusha upande wa pili wa gari, akaurudisha, ndipo akauteremsha na kuutoa chini ya sakafu. Ukiulaza mpira hivyo, gari lianguke ubavu wa kulia au wa kushoto, daima kuna kipande kilicho juu zaidi ya mafuta, na mafuta hayapati njia ya kutoka. Tundu la sakafu alilivisha raba ili bati lisiukate mpira. Ekzosi ya gari langu inatokea kulia, basi mdomo wa kipumulio ukapelekwa kona ya kushoto nyuma, nje ya bodi kabisa. Alimalizia kwa kufunga waya kutoka shingo ya kujazia hadi kwenye chesisi, kwa sababu ya umeme tuli wakati wa kujaza kwa jerikeni. Sikumwomba hilo, na kwa hilo pekee ningemrudia.

Mpira wa kwenye boksi ulikuwa wa plastiki laini inayopenyeza mwanga. Mpira wa namna hiyo hukauka ukawa mgumu ukikaa na petroli, kisha hupasuka kwenye viungio. Tuliutupa na kuweka mpira wa mafuta wenye kipenyo cha ndani cha milimita 12. Wembamba zaidi ya hapo utajuta unapojaza, maana hewa haiwahi kutoka na petroli inakurukia mikononi.

Tangu kazi hiyo, buti halinuki hata likishinda juani. Nafungua mfuniko na sisikii ule mlio wa hewa kuvutwa. Kichujio kidogo cha shaba kwenye mdomo wa mpira kinazuia vumbi, na kwa sisi wa huku kina faida nyingine: nyigu wajengao kwa udongo hupenda sana matundu ya ukubwa ule, na tope likishakauka humo ni sawa na kuziba kipumulio kwa bolti. Hata hivyo nakikagua kwa kukipuliza kabla ya safari ndefu.

Jambo moja valvu hii haitakusaidia ni kujaza hadi shingoni. Petroli hupanuka kwa takriban asilimia 1 kila joto likipanda nyuzi 10. Lita 45 ulizotia asubuhi zikipata nyuzi 20 za ziada mchana zinadai nafasi ya karibu lita moja. Zisipoipata zinaingia kwenye mpira, na zikishavuka kile kipande cha juu zinavutana zenyewe hadi chini, tangi linamwagikia barabarani. Mimi naacha nafasi ya lita nne au tano.

Bei ya valvu ilikuwa kama ya tairi moja la kawaida, mpira na kazi vikaongeza karibu nusu yake. Kabla ya kulipa, angalia pia tarehe iliyochapwa kwenye mfuko wa tangi lako. Mifuko ya kiwango cha FT3 cha FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, hupewa miaka 5 ya kutumika, na mtengenezaji akiukagua anaweza kuuongezea 2. Wangu umebakiza mmoja.