Duluti na Tengeru kwa siku moja: anzia ziwani, malizia sokoni

Wengi wanaotoka Arusha kwenda Tengeru hukosea mpangilio: wanaanza na soko. Wakifika Ziwa Duluti ni saa sita, Mlima Meru umeshajifunika mawingu, upepo unakunja maji, na mfukoni kuna ndizi ambazo kima wa pale wanazinusa kabla hujaketi. Nimekwenda masika na kiangazi, siku ya soko na siku ya kawaida. Kabla ya saa tatu asubuhi ziwa hili nalipa nyota tano. Baada ya hapo, tatu.

Usafiri ni rahisi. Panda daladala ya Tengeru au ya Usa. Ni kama kilomita 13 tu. Barabara ya njia nne kutoka Sakina inaishia Tengeru, karibu kabisa na soko, ndiyo maana Jumatano na Jumamosi magari hubanana pale. Ukitoka mjini saa kumi na mbili na nusu foleni hiyo huioni. Ukishuka, tembea au chukua bodaboda, ila patana bei kwanza na useme "geti la msitu wa ziwa". Ukitaja Duluti peke yake unaweza kujikuta mlangoni pa hoteli.

Msitu ni hifadhi iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu bei ya Mtanzania na ya mgeni hazilingani. Uliza pia kiasi ulichotajiwa kinahusisha nini, kwani kiingilio, mwongozaji na mtumbwi vinaweza kuhesabiwa kila kimoja kivyake. Weka salio kwenye simu na chaji ya kutosha: malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo, na simu ikizima unabaki getini.

Kuzunguka ziwa kwa miguu huchukua saa moja na nusu hadi mbili, ukisimama kutazama furukombe, mnandi na kenge wanaoota jua. Njia si ngumu, lakini udongo wa volkano ukilowa huteleza kama sabuni, hasa penye mizizi. Raba zenye meno zinatosha, malapa hapana. Masika chomeka suruali ndani ya soksi, maana siafu hukatiza njia na utawagundua wakiwa wameshafika gotini. Ukitaka picha ya Meru juu ya maji, itafute ukiwa ng'ambo ya kusini.

Mtumbwi ndio wenye utamu, na ndiko huduma inakopwaya. Kagua jaketi okozi mwenyewe: funga vifungo vyote, kisha mwenzako avute mabega kwenda juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako. Jaketi moja kati ya yale niliyopewa lilikuwa na kifungo kilichovunjika na hakuna aliyekuwa amelitenga. Hakikisha ndani ya mtumbwi kuna kopo la kuchotea maji yanayoingia. Kupanda, inama, shika kingo zote mbili, weka mguu katikati. Anayekanyaga ukingoni ndiye anayepindua chombo. Saa moja majini inatosha.

Usishtuke ukiambiwa ziwa lina kina cha mamia ya mita. Vipimo vya watafiti vinataja kama mita 9. Ni shimo la volkano lisilo na mto unaoingia wala unaotoka, linalotegemea mvua na maji ya chini ya ardhi. Hata hivyo mita 9 zinatosha kumzamisha mtu, na maji yaliyotuama yenye magugu kingoni ni makazi mazuri ya konokono wa kichocho. Mimi sishauri kuogelea.

Maji ya kunywa nunua ya chupa. Maji mengi ya upande huu wa Meru yana floridi nyingi, ile inayobadilisha rangi ya meno ya watoto wanaokua wakiyanywa, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa mgeni wa siku moja si hatari. Ni vizuri tu kujua.

Ukirudi, kama una saa moja ya ziada, pita makaburi ya Wapoland ndani ya chuo cha mifugo. Kuanzia 1942 maelfu ya wakimbizi wa Poland waliishi Tengeru. Eneo limetunzwa vizuri, ila omba ruhusa getini.

Soko liwe la mwisho. Ndizi za kupika chagua mshare uliokomaa: pembe za tunda zimeanza kulainika na kuwa duara. Zenye pembe kali zilikatwa mapema na hazitaiva vizuri kwenye mtori. Mkungu mzima ni nafuu kuliko vichana, lakini mwulize konda nauli ya mzigo kabla haujapandishwa garini.